Nani kairuhusu hiyo droni? Mabishano ya Paris kuhusu polisi na faragha

Mwezi Machi 2020, Wafaransa walipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, polisi wa Paris walianza kurusha droni juu ya jiji. Baadhi zilibeba vipaza sauti na kuwakumbusha watu amri ya kubaki nyumbani. Nyingine hazikusema kitu. Zilichukua video na kuirusha papo hapo hadi kwenye skrini ya ofisa, naye akaona wapi watu wamejikusanya, akaamua apeleke askari au awaache.

Mashirika mawili ya kutetea haki, La Quadrature du Net na Ligue des droits de l'homme, yakaenda mahakamani. Hayakudai kwamba droni ni chombo kiovu, wala hayakubisha kwamba ugonjwa ulikuwa unaua. Yaliuliza swali ambalo siku zote askari ndiye humuuliza raia: kibali kiko wapi?

Droni za polisi huzungumzwa ama kwa hofu, kwamba dola imepata jicho lisilosinzia, ama kwa sifa, kwamba zinatafuta watoto waliopotea na kuwapunguzia askari hatari. Zote mbili zina ukweli, na zote mbili hazikusaidii kujua sheria iandikweje. Ndiyo maana naipenda kesi ya Paris. Majaji walilazimika kuacha maneno makubwa na kushuka hadi kwenye lenzi, urefu wa kuruka, na kadi ya kumbukumbu.

Kadi yenyewe haikuwemo. Huo ndio ulikuwa utetezi wa polisi. Droni, walisema, inaruka kati ya mita 80 na 100 kutoka ardhini. Lenzi imewekwa pana. Ndani hamna kadi, kwa hiyo hakuna kinachohifadhiwa. Anayetazama skrini haoni sura za watu, anaona kundi tu, na kesho yake hakuna cha kurudia kutazama. Sasa faragha ya nani imeguswa?

Tarehe 5 Mei 2020 mahakama ya utawala ya Paris ililikataa ombi la mashirika. Siku 13 baadaye, tarehe 18 Mei, uamuzi huo uligeuzwa na Conseil d'État, chombo cha juu kabisa cha Ufaransa katika mashauri ya raia dhidi ya serikali. Kwanza majaji waliwapa polisi haki yao: kulinda usalama na afya ya umma ni lengo halali, na droni inaweza kutumika kwa lengo hilo. Kisha wakaugeukia mtambo. Una lenzi ya kuvuta karibu. Unaweza kushuka chini ya mita 80. Waraka wa ndani unakataza, sawa, lakini ndani ya mashine hakuna kitu kinachoizuia kushuka wala kuvuta. Kwa hiyo picha zake zinaweza kumtambulisha mtu, na picha inayoweza kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Polisi walikuwa wanajieleza kwa kile wanachokifanya. Mahakama iliwapima kwa kile wanachoweza kukifanya. Jirani akipanda darini kila jioni na darubini, halafu akakuapia kwamba hatazami upande wako, shida yako haiishi kwa kiapo chake. Itaisha akiishusha darubini, au mkiwekeana masharti ambayo mtu wa tatu anaweza kuyakagua.

Na ile hoja ya kadi? Haikusaidia. Kwa sheria ya Ulaya, kukusanya picha na kuirusha kwenda kwa mtu mwingine tayari ni kuichakata, hata isipohifadhiwa kwa sekunde moja. Watu wengi hudhani faragha huvunjwa pale kitu kinapotunzwa. Lakini ofisa aliyekuona sasa hivi anaweza kumtuma askari sasa hivi, na wewe utakamatwa bila faili lolote kubaki nyuma yako.

Mahakama ikazuia droni hizo, ila iliacha milango miwili wazi. Ama serikali itoe kanuni rasmi baada ya kupata maoni ya CNIL, tume ya ulinzi wa taarifa binafsi, ama ifunge kwenye mtambo kifaa kitakachofanya isiwezekane kumtambua mtu.

Wizara ya mambo ya ndani ilichagua mlango wa pili, ule usiopitia kwa mtu mwingine. Ikaleta programu ya kutia ukungu: picha inapita kwenye kompyuta, sura na miili inafifishwa, ndipo ofisa anaitazama. Droni zikaendelea kuruka, safari hii juu ya maandamano.

CNIL ilipochunguza ilikuta mambo matatu ambayo fundi yeyote angeyaona. Ukungu ulianza kutumika Agosti 2020, wakati droni zilikuwa zimekwisha ruka mara nyingi. Ukungu haukutiwa na droni yenyewe huko juu. Picha safi ilishuka kwanza hadi kwa polisi, ndipo ikafifishwa. Na waliokuwa na uwezo wa kuuwasha walikuwa na uwezo wa kuuzima. Ni sawa na kumfunga mgeni kitambaa machoni akiwa amekwisha kupita chumbani, tena fundo umemwachia alifungue mwenyewe. Tarehe 22 Desemba 2020 Conseil d'État ilizuia tena, sasa kuhusu maandamano, na Januari 2021 CNIL ikatoa karipio la wazi kwa wizara. Karipio tu, maana sheria haikuipa tume uwezo wa kuitoza dola faini.

Kabla ya kwenda kwenye sheria iliyofuata, tuvuke bahari kidogo, kwa sababu Wamarekani walilianza swali hili mapema zaidi na wakashika njia nyingine kabisa.

Mwaka 1982, huko Santa Clara, California, polisi walipata fununu kwamba mtu mmoja amepanda bangi uani kwake. Uani hakukuonekana: uzio wa nje ulikuwa na urefu wa futi 6, wa ndani futi 10. Wakakodi ndege ndogo, wakapita juu kwa futi 1,000, wakaiona mimea kwa macho na kuipiga picha. Ilikuwa 73. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema hapakuhitajika hati ya upekuzi, kwani abiria yeyote aliyepita angani angeweza kutazama chini akaona kile kile. Mwaka 1989, katika kesi kutoka Florida, mambo yalishuka zaidi: helikopta kwa futi 400, na kitalu ambacho vipande vya paa vilikuwa vimetoka. Polisi wakashinda tena.

Msomaji wa Pwani anaweza kuzielewa kesi hizi kuliko wale majaji. Nyumba ya Kiswahili ina ua wa nyuma. Huko ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa, kunakosukwa nywele. Huko mtu hutoka bafuni na kanga moja bila wasiwasi. Ukuta au uzio wa makuti unazuia macho ya njiani. Juu pako wazi, si kwa sababu mwenye nyumba amewakaribisha wapita angani, ila kwa sababu juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na kunguru. Kusema kwamba aliyeacha ua wake bila paa ameiacha faragha yake ni hoja ya mtu ambaye hajawahi kuishi kwenye joto.

Tatizo la njia ya Marekani linaonekana vizuri zaidi ukiiweka droni katikati. Mwaka 2001 Mahakama hiyo hiyo iliwakatalia polisi waliotumia kamera inayoona joto kutoka barabarani kuisoma nyumba moja ya Oregon, na moja ya sababu ni kwamba kifaa hicho hakikuwa cha kawaida mikononi mwa watu. Sasa changanya hayo na zile kesi za angani. Futi 400, urefu wa ile helikopta ya Florida, ndicho kikomo cha kawaida cha droni nchini Marekani leo. Na droni zinauzwa madukani kama simu. Kwa kipimo cha "mtu yeyote angeweza kuona", kadiri zinavyozagaa ndivyo kinga ya raia inavyopungua, bila bunge lolote kupiga kura. Ndiyo maana majimbo yalianza kujiwekea sheria zao, Idaho ikiwa miongoni mwa ya mwanzo mwaka 2013, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Alaska ikasema kwa katiba ya jimbo lake kwamba polisi wakitaka kuruka na lenzi ya kuvuta juu ya ua wa mtu, wakachukue hati kwanza.

Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti, na mijadala mingi huyachanganya. Mmarekani huuliza: je, mtu huyu alikuwa na haki ya kutarajia asionekane pale? Mfaransa huuliza: je, anayekusanya picha hii ameruhusiwa na andiko gani? Swali la kwanza linamwangukia raia na uzio wake. La pili linamwangukia askari na karatasi yake. Mimi naona la pili ni bora, lakini lina udhaifu wake, na Ufaransa yenyewe ndiyo iliyouonyesha.

Udhaifu ni huu. Mahakama inaposema "hapana, hakuna andiko", serikali huenda kuandika andiko.

Ikaandika. Jaribio la kwanza lilikuwa ndani ya sheria kubwa ya usalama ya mwaka 2021, na Baraza la Katiba, chombo kinachopima kama sheria inakubaliana na katiba, likakifuta kifungu cha droni tarehe 20 Mei 2021. Sababu zake zinafaa kubandikwa ukutani kwa kila mwandishi wa sheria: kifungu hakikuweka ukomo wa muda wa kutazama, hakikuweka ukomo wa eneo, hakikusema droni itumike pale tu njia nyingine zinaposhindikana, wala hakikuweka idadi ya juu ya mitambo.

Jaribio la pili, sheria ya tarehe 24 Januari 2022, lilijibu karibu kila shutuma. Droni inaruhusiwa kwa malengo yaliyotajwa: ugaidi, mikusanyiko yenye hatari ya fujo, maeneo yenye uhalifu fulani, mipaka ya nchi, foleni za magari, uokoaji. Anayeruhusu ni prefekti, yaani mwakilishi wa serikali kuu katika wilaya, kwa amri ya maandishi inayotaja eneo, muda na idadi ya kamera. Ruhusa haizidi miezi 3, ingawa inaweza kuongezwa. Ya maandamano huisha na maandamano. Hakuna kurekodi sauti. Hakuna utambuzi wa sura. Ndani ya nyumba hapapigwi picha, wala milangoni; ikitokea, kurekodi kunakatizwa, au picha inafutwa ndani ya saa 48. Video nyingine zinakaa siku 7, isipokuwa zikihitajika kwenye kesi.

Baraza la Katiba liliipitisha, lakini likachomoa miiba miwili. Polisi wa manispaa waliondolewa. Na kifungu kilichowaruhusu askari kurusha droni kwa dharura kwa saa 4 kabla ya kupata ruhusa kikafutwa. Zaidi ya hapo liliziba tundu ambalo mimi nisingelifikiria: sheria ilikataza utambuzi wa sura kwenye droni, lakini haikusema kitu juu ya kuichukua video ile ile na kuipitisha kwenye kompyuta ya utambuzi iliyoko ofisini. Baraza likasema katazo lisomwe hivyo pia. Mtu anayetaka kujua wakili mzuri anavyosoma sheria na aanzie hapo.

Kanuni za utekelezaji zilitoka Aprili 2023, katikati ya maandamano makubwa ya kupinga umri mpya wa kustaafu. Siku chache tu baadaye maprefekti walikuwa wanatoa amri za droni mji baada ya mji.

Tangu hapo mabishano yamehama. Hakuna tena kesi moja kubwa juu ya kanuni. Kuna amri nyingi ndogo, na kila moja lazima ipingwe peke yake, kwa njia ya ombi la dharura ambalo jaji hulitolea uamuzi ndani ya saa 48. Amri ikitangazwa jioni ya kuamkia maandamano, wakili anaandika usiku. Wakati mwingine inalipa: Mei Mosi 2023 jaji wa Rouen alisimamisha sehemu ya amri ya droni kwa maandamano ya Le Havre, na Julai mwaka huo jaji wa Pau alisimamisha amri ya kutumia droni kwenye mpaka wa Hispania, ambako walengwa walikuwa wahamiaji wanaovuka. Mara nyingi hailipi, jaji anaona fomu imejazwa sawasawa, droni inaruka. Faragha ya Mfaransa leo inategemea sana kama kuna mtu mwenye muda, siku hiyo, wa kuisoma amri ya kurasa mbili.

Kwetu Afrika Mashariki, msingi wa kuuliza swali la Kifaransa upo tayari, na wala haukutoka Ufaransa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inamhifadhi mtu katika nafsi yake, maisha yake binafsi, familia na unyumba wake, na inaitaja maskani yake waziwazi. Sehemu yake ya pili inaiagiza Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Hali, namna, kiasi: ni yale yale Baraza la Katiba la Ufaransa liliyoyakosa kwenye kifungu cha 2021. Kenya ina ibara ya 31 juu ya faragha na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria zote mbili zina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na droni ya polisi ikija mahakamani, mlango wa kwanza utakaobishwa ni huo wa misamaha.

Jambo moja lisitupotoshe. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga hakijibu swali hili. Watu wa anga wanauliza droni ina uzito gani, inaruka juu kiasi gani, iko mbali kiasi gani na uwanja wa ndege. Wanachokiogopa ni isikuangukie kichwani. Inachokitazama ikiwa juu ni shughuli ya sheria nyingine, na inawezekana kabisa droni ikawa na vibali vyote vya kuruka na isiwe na hata kimoja cha kutazama.

Upande mmoja wa mambo haya huwa unasahauliwa: nani anaruhusiwa kuitazama video baada ya polisi. Siku 7 za Ufaransa ni kinga, lakini kwa mtu aliyepigwa kwenye maandamano na anayejua kwamba droni ilikuwa juu yake, siku hizo hizo ni saa inayohesabu kurudi nyuma. Faragha ya raia inaweza kugeuka pazia la polisi.

Kisa kizuri zaidi cha hilo kiko Chula Vista, mji wa California karibu na mpaka wa Meksiko. Tangu Oktoba 2018 polisi wa huko hurusha droni mtu anapopiga simu ya dharura, ifike kabla ya gari. Mchapishaji wa gazeti moja la San Diego aliomba video zote za mwezi Machi 2021. Polisi walikataa: kila video, walisema, ni kumbukumbu ya upelelezi. Hata ile iliyochukuliwa pale ambapo hakukuwa na uhalifu wowote.

Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya California ilizigawa video hizo mafungu matatu. Zilizomo kwenye faili la upelelezi, zikae. Zilizochukuliwa kuchunguza kama kuna kosa linatendeka, nazo zikae. Lakini kuna simu za dharura ambazo hazina mhalifu ndani yake, na majaji walitoa mifano: gari limemzimikia mtu barabarani, maji yanavuja, simba wa milimani anazurura mtaani. Hizo, walisema, haziwezi kufichwa kwa jina la upelelezi, na mji ukarudishwa kwenda kuzipekua video zake moja baada ya nyingine, kumtafuta huyo simba.